Dawa ya Bibi wa Shropshire na Daktari Aliyepima Majani

Kila inapozuka habari ya dawa mpya ya mitishamba, ubishi huwa ule ule. Upande mmoja unasema dawa ya asili haina kemikali, haiwezi kumdhuru mtu, wazee wetu waliitumia na wakafika uzeeni. Upande wa pili unasema hayo ni mambo ya kizamani, nenda hospitali ukapewe dawa ya kisayansi. Tuliusikia ubishi huo mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Tukausikia tena mwaka 2020, kwenye nyungu za korona na kinywaji kilichofuatwa kwa ndege hadi Madagaska.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania swali lisilo na faida. Dawa imetoka msituni au kiwandani, hilo halituambii kama inaponya wala kama inaua. Mtu aliyelionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko wengi ni daktari Mwingereza wa karne ya 18, William Withering, ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu ingawa dawa aliyoichunguza imo kwenye makabati ya hospitali zetu.

Kwanza tuelewane maneno matatu. Kiini cha dawa ni ile kemikali moja, au chache, ndani ya mmea ambayo ndiyo inayofanya kazi mwilini. Mmea una kemikali nyingi mno (ndiyo, kemikali, hata mchicha ni kemikali tupu), na nyingi kati ya hizo hazitibu chochote. Dozi ni kiasi cha kiini hicho unachokunywa, mara ngapi, na kwa muda gani. Sumu, nayo, si aina ya kitu. Ni kile ambacho kitu kinafanya kikizidi kipimo ambacho mwili unaweza kukihimili. Chumvi, maji na Panadol vyote vina mahali vinapovukia mpaka huo. Kwa baadhi ya vitu, mpaka uko mbali sana na kipimo cha kutibu. Kwa vingine uko jirani kabisa, na hapo ndipo kisa chetu kinapoishi.

Withering alizaliwa mwaka 1741 katika mji mdogo wa Wellington, jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu na muuza dawa. Kijana akapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1766. Kinachochekesha ni kwamba akiwa mwanafunzi alichukia botania, yaani elimu ya mimea. Aliwaandikia wazazi wake kwamba hata medali ya dhahabu ambayo profesa wa somo hilo aliwaahidi wanafunzi haikutosha kumwondolea chuki ile. Kilichombadilisha hakikuwa profesa. Alipoanza kazi katika mji wa Stafford, alipata mgonjwa msichana, Helena Cookes, aliyependa kuchora maua. Daktari akawa anatoka kwenda kumtafutia maua ya kuchora. Wakaoana mwaka 1772, na miaka minne baadaye yule mchukia mimea akachapisha kitabu kikubwa kinachoainisha mimea ya Uingereza kwa mpangilio wa Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden.

Mwaka 1775 alihamia Birmingham, mji uliokuwa ukifumuka kwa viwanda, na humo akaingia kwenye kundi la marafiki lililojiita Lunar Society. Walikutana siku zilizo karibu na mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani usiku. Ndani yake alikuwemo James Watt wa injini za mvuke, Matthew Boulton mwenye viwanda, Joseph Priestley aliyeitenga hewa ya oksijeni, Josiah Wedgwood mfinyanzi, na daktari Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin. Withering mwenyewe hakuishia kwenye majani. Alichambua pia madini, na mojawapo, lenye bariamu, likapewa jina lake na linaitwa witheraiti hadi leo.

Sasa tuje kwenye majani yenyewe. Mwaka huo huo wa 1775 aliombwa maoni kuhusu dawa ya kifamilia ya ugonjwa wa kuvimba maji. Aliambiwa kwamba bibi mmoja wa Shropshire alikuwa ameitunza siri ya dawa hiyo kwa muda mrefu, na kwamba wakati mwingine aliwaponya watu walioshindikana kwa madaktari waliosoma. Aliambiwa pia kwamba dawa ilimtapisha mgonjwa vibaya na kumharisha. Ilikuwa mchanganyiko wa mimea 20 au zaidi. Withering, ambaye sasa aliijua mimea, aliona bila shida kwamba mmoja tu kati ya hiyo ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ni mmea wenye maua ya zambarau yaliyoning'inia kama kengele ndefu, ambao kwa jina la kitaalamu ni Digitalis purpurea. Tuuite digitalisi.

Ugonjwa wa kuvimba maji tunaufahamu wote. Miguu inavimba hadi ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Tumbo linajaa. Usiku mgonjwa hawezi kulala chali, anakaa kitandani akihema. Katika mitaa yetu wapo wanaosema karogwa au kakanyaga kitu. Ulaya ya wakati ule iliuhesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea. Leo tunajua kuwa kuvimba ni dalili tu, na chanzo kimoja kikubwa ni moyo kushindwa kufanya kazi yake.

Fikiria pampu inayonyonya maji kwenye mtaro na kuyasukuma shambani. Pampu ikichoka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: shamba linapata maji haba, na mtaro ulioko nyuma ya pampu unafurika. Moyo ukichoka ni hivyo hivyo. Viungo vinapata damu kidogo, na damu inayorudi inajazana nyuma, hadi maji yake yanavuja kupita kuta za mishipa na kutuama miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Figo nazo zinaongeza tatizo. Kwa kuwa zinapata damu kidogo, zinafanya kana kwamba mwili umekaukiwa, zinazuia mkojo na kuhifadhi chumvi. Mtaro unazidi kufurika.

Kiini cha digitalisi kinajishika kwenye chembe za msuli wa moyo na kuzuia kwa kiasi vimilango vinavyotoa sodiamu nje. Matokeo yake ni kwamba kalisi inaongezeka ndani ya chembe, na kalisi ndiyo inayoufanya msuli ukaze. Moyo unapiga kwa nguvu zaidi. Wakati huo huo dawa inachelewesha taarifa za umeme zinazotoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, hivyo mapigo yanapungua kasi. Damu inafika kwenye figo, mkojo unafunguka, uvimbe unashuka. Lakini ukizuia vimilango vingi mno, umeme wa moyo unavurugika, na moyo unaweza kusimama. Umbali kati ya hali hizo mbili ni mdogo.

Withering hakuyajua hayo ya kalisi na umeme. Hakuna aliyeyajua. Mwanzoni aliamini digitalisi ni dawa ya kukojoza basi, na alidhani inafanya kazi kwenye figo. Hata hivyo aliandika kwamba ina nguvu juu ya mwendo wa moyo kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana kwenye dawa nyingine yoyote, na kwamba nguvu hiyo huenda ikatumika kuponya. Mtu asiye na kipimo cha damu wala mashine ya ECG inayosoma umeme wa moyo, mwenye vidole vyake tu kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa, kufika hapo ni jambo kubwa.

Alifikaje? Kwa miaka kumi. Birmingham alikuwa akitoa ushauri bure kwa maskini, maelfu kila mwaka, na humo akapata wagonjwa wengi wa kuvimba. Mwanzoni aliwapa dozi kubwa mno na akaona madhara yake. Akaanza kupunguza. Aliona kwamba mzizi hautabiriki, kwa sababu nguvu yake inabadilika na umri wa mmea, akauepuka. Akachagua majani, tena yaliyochumwa wakati mmea unakaribia kuchanua, yakakaushwa na kusagwa kuwa unga, ili unga wa leo ulingane na wa mwezi ujao. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo kiini cha sayansi yake yote. Huwezi kuzungumza kuhusu dozi kama jani lenyewe halina kipimo.

Kisha akaweka kanuni ya kusimama. Toa dawa, alisema, hadi ionekane inagusa figo, tumbo, mapigo ya moyo au matumbo ya haja, na dalili ya kwanza kati ya hizo ikitokea, acha. Kutapika ambako wengi walikuwa wakikutafuta kama ushahidi kwamba dawa imefanya kazi, yeye alikuona kuwa ishara kwamba umechelewa kuacha. Aliorodhesha dalili za kuzidisha: kichefuchefu, kizunguzungu, macho kuona vitu vya kijani au njano, mapigo kushuka hata 35 kwa dakika, jasho baridi, degedege, kuzimia, kifo. Daktari wa leo akikusikia unasema taa zina duara la njano na unatumia dawa ya jamii hii, atashtuka kwa sababu zile zile.

Kuna kisa ambacho Withering alikisimulia na ambacho mimi ningekibandika kwenye kila duka la dawa, la kisasa na la asili. Mwanamke mmoja wa Yorkshire alimchemshia mumewe, mgonjwa wa pumu, konzi kubwa ya majani mabichi ya digitalisi kwenye nusu painti ya maji (kama robo lita), akamnywesha yote kwa mkupuo. Mume alinusurika kufa. Withering hakumwita mama yule mjinga wala mchawi. Aliandika kwamba mama huyu mwema aliijua dawa ya nchi yake, ila hakukijua kipimo chake.

Hapo ndipo hoja ya "wazee wetu waliitumia" inapata haki yake na mipaka yake. Elimu ya yule bibi wa Shropshire ilikuwa elimu kweli. Aliponya watu walioshindikana. Lakini dawa yake yenye mimea 20 ilikuwa imeficha mambo mawili hata kwake mwenyewe: ni mmea upi unaotibu, na ni kiasi gani. Mgonjwa akipona, sifa iende kwa yupi kati ya wale 20? Akifa, lawama iende wapi?

Mwaka 1785 Withering alichapisha kitabu kuhusu mmea huu na matumizi yake. Alieleza humo kwamba ingekuwa rahisi kuchagua wagonjwa waliopona, ambao wangeisifia dawa na pengine kumsifia yeye pia. Badala yake aliandika kila mgonjwa aliyempa digitalisi, aliyestahili kupewa na asiyestahili, aliyepona na asiyepona. Ni zaidi ya wagonjwa 150. Wapo waliotapika siku nzima bila nafuu, na wapo waliokufa. Alikiri kwamba angependa kusubiri zaidi, ila watu walikuwa tayari wanaitumia dawa ovyo, na aliona heri dunia ipate mafunzo, hata kama hayajakamilika, kuliko maisha ya watu kuhatarishwa au dawa yenye nguvu namna hii kutupwa kwa kuogopwa.

Kwa kuwaandika wote, aliona kitu ambacho hadithi za waliopona peke yao zisingemwonyesha. Dawa haikumfaa mtu mwenye mwili wa nguvu, ngozi ya moto, uso mwekundu na mshipa uliokaza. Ilimfaa mwenye mapigo dhaifu au yanayorukaruka, uso uliopauka, midomo iliyoiva rangi ya buluu, ngozi ya baridi, na miguu inayobonyea ukiigusa. Msomee daktari yeyote maelezo hayo leo, atakwambia huyo wa pili ni mgonjwa wa moyo kushindwa. Withering alimtambua karne nzima na zaidi kabla ugonjwa haujaeleweka.

Ukimtafuta Withering mtandaoni utakutana na Mama Hutton, eti jina la yule bibi, pamoja na michoro ya daktari akimbembeleza ampe siri, na katika masimulizi mengine akimlipa dhahabu. Mama Hutton hakuwepo. Ni mhusika aliyezaliwa kwenye matangazo ya kampuni ya dawa ya Marekani katika karne ya 20, watu wakalizoea jina hadi likaingia kwenye vitabu. Withering mwenyewe hakumtaja bibi kwa jina, wala hakusema kama alionana naye. Na kwa kweli hilo linaudhi zaidi kuliko uongo wa tangazo. Elimu yake ilifungua njia ya dawa iliyotumika dunia nzima na jina lake hatunalo. Mikataba ya leo, kama Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inajaribu kuhakikisha wenye elimu ya asili wanapata sehemu ya faida, na haikubuniwa bila sababu.

Inashangaza kwamba Withering naye alilalamika kuibiwa. Mwaka 1776 yeye na Erasmus Darwin walimwona mgonjwa mmoja pamoja, Withering akashauri digitalisi. Mwaka 1780 Darwin akachapisha habari za mgonjwa huyo bila kumtaja mwenzake. Urafiki wao haukupona.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kifua kikuu. Mwaka 1791, wakati wa ghasia za Birmingham zilizoteketeza nyumba ya Priestley, nyumba yake nayo ilivamiwa. Alikwenda Ureno kukimbia baridi, na hata huko, mgonjwa, akakaa kuchambua maji ya chemchemi ya moto ya Caldas da Rainha. Alifariki Oktoba 1799.

Digitalisi iliendelea. Mwaka 1930 kiini chake maarufu, digoksini, kilitengwa kutoka kwa mmea ndugu yake, Digitalis lanata, na hadi leo kinatolewa kwenye majani yanayolimwa mashambani. Kwa hiyo anayesema dawa za hospitali hazitoki kwenye mimea, amwulize mfamasia kuhusu kidonge hiki. Kidonge cha kawaida kina robo ya miligramu. Gramu moja ya kiini, unga usiojaza kijiko cha chai, inatosha vidonge 4,000. Ukiwaza hivyo, konzi ya majani mabichi ya yule mama inatisha.

Nasi tulikuwa na jamii hiyo ya dawa muda mrefu, ila kwa kazi nyingine. Sumu ya mishale ya wawindaji wa Kikamba, Kigiriama na Kiwaata, inayochemshwa kutoka kwenye mti wa msunguti, hufanya kazi kwenye moyo kwa njia ile ile. Kusini zaidi, bonde la Zambezi, walitumia mmea mwingine, kombe. John Kirk, daktari Mskoti aliyesafiri na Livingstone na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliijua nguvu yake kwa bahati tu: mswaki wake ulikaa karibu na sumu hiyo, akahisi uchungu mdomoni, na alipopima mapigo yake akakuta yameshuka. Wanasayansi wa Edinburgh wakatengeneza dawa ya moyo kutokana na mmea huo. Mwindaji wa mishale alikuwa na kiini hicho hicho mkononi. Tofauti ilikuwa kipimo, na nia.

Je, digoksini ni mkombozi? Si kwa kiwango alichotumaini Withering. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 1997, lenye wagonjwa wapatao 6,800, lilionyesha kwamba inapunguza kulazwa hospitalini lakini haiongezi maisha. Zipo dawa nyingine sasa zinazofanya vizuri zaidi, nayo imebaki kwa wagonjwa fulani, hasa wenye mapigo yanayokwenda ovyo. Kulijua hilo kumewezekana kwa kuwa watu waliandika walioponyeka na wasioponyeka, wote.

Basi ukikutana na dawa yoyote, ya chupa ya plastiki sokoni au ya boksi la kiwandani, maswali ni manne tu: ina nini ndani, kiasi gani, niache nikiona nini, na waliotumia wasipone ni wangapi. Muuzaji anayejibu matatu ya kwanza na kukasirika kwa la nne, mwache. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga na dawa zao, na kuuliza usajili si dharau kwa mganga.

Na kama una mzazi anayetumia digoksini, kuna jambo moja la haraka. Mitishamba ya kuharisha, ile ya "kusafisha tumbo", hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka, dozi ya digoksini iliyokuwa salama jana inaweza kuwa sumu leo. Dawa za kukojoza za hospitali nazo hufanya hivyo, ndiyo maana kliniki wanapima damu. Mwambie muuguzi kila anachokunywa mzee, ikiwemo ile chupa ya kienyeji, na ikiwezekana ibebe uende nayo. Akianza kutapika, kukosa hamu ya kula au kusema anaona njano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.